Tapeti Zimenyamaza, Bibi Kafumaniwa

Jamani, leo nimemfumania bibi yangu!

Bibi mzaa mama tulimleta hapa kwangu Mwembesongo kutoka kijijini Matombo kwa sababu ya miguu. Hasimami bila kushikwa. Hata chooni tunampeleka mimi na mke wangu, kila mtu na bega lake.

Sasa asubuhi, injini ikiwa ya baridi, nikafungua pikipiki nirekebishe tapeti, vile vyuma vya kusukuma valvu za injini. Zilikuwa zimelegea, zinagonga mpaka mtaa mzima unajua narudi. Nikapitisha kile kibati cha kupimia nafasi yake, nikakaza kidogo kidogo mpaka kikawa kinapita kwa kubana. Nikafunga, nikaenda kuijaribu.

Imetulia huwezi kuamini!

Narudi, naingia uani polepole.

Nani huyo kabeba ndoo ya maji kichwani, hajaishika, anatembea huku anaimba?

Bibi!

Ile ndoo kubwa! Mimi mwenyewe naibeba kwa kuguna!

Tukatazamana. Nikazima pikipiki.

“Mume wangu,” akasema (si mnajua utani wa bibi na mjukuu), “mbona leo hukupiga kelele?”

“Bibi, na miguu?”

Akatua ndoo. Akakaa chini.

“Ukijua nimepona si utanirudisha Matombo? Kule nitaongea na nani?”



Mke wangu bado yuko sokoni, hajui kitu. Nyie mngemwambia?

Mimi nasubiri injini ipoe. Nazilegeza tena tapeti, bibi awe anasikia nikija.