Kingamwili za Utotoni

Chumba changu kilikuwa na milango miwili upande wa ukumbi, mmoja nyuma ya mwingine, na haikuruhusiwa yote kuwa wazi kwa wakati mmoja. Upande wa pili kulikuwa na dirisha lisilofunguka, na nje yake roshani ndefu waliposimama wageni. Ilikuwa wodi ya magonjwa ya kuambukiza, mwishoni mwa miaka ya sabini. Macho yangu yalikuwa ya manjano na mkojo kama chai ya rangi.

Mke wangu alikuja kwa treni kutoka Spånga, tulikokuwa tukiishi, pamoja na mtoto. Mara ya kwanza alinitazama sana kupitia kioo, kisha akapaza sauti: "Umeiva, baba. Kwetu ndizi ikifika hapo huuzwa siku hiyohiyo."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mtoto akauliza kitu kwa Kiswidi, naye akamjibu kwa Kiswahili kwamba baba hatoki leo.

Mara ya pili alikuja peke yake, na hakutania. Muuguzi alikuwa amemweleza, kwa nia njema, kwamba homa za ini za virusi ziko mbili: A huingia kwa chakula na maji machafu, B kwa damu na kitandani. Nami majuma machache kabla ya kuugua nilikuwa nimekwenda nyumbani bila yeye, kumzika mama.

"Ni ipi?"

"Bado wanapima."

"Wewe unadhani ni ipi?"

"Sidhani. Nasubiri."

"Mtu aliyekwenda kuzika tu hasubiri, baba watoto. Anajua."

Sikuwa na mwanamke mwingine. Baada ya mazishi nilishikwa na malaria, na tabibu wa zahanati akanichoma sindano kila asubuhi, kwa bomba lilelile lililohudumia foleni nzima. Nilimweleza hivyo. Lakini maneno ya kusemwa polepole nililazimika kuyapigia kelele kwenye kioo, na watu wa madirisha ya jirani wakageuka kutazama.

Nilianza kuomba iwe A. Niliazima kitabu cha tiba kwenye toroli la maktaba. Kikishaingia chumbani hakitoki, kwa hiyo nilikisoma, nikakirudia. Jibu la B lilikuja kwanza: haikuonekana. Kipimo cha A kilikuwa kipya, na damu ilipelekwa maabara nyingine kutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya kirusi kimoja na kukaa nazo miaka mingi.

"Zipo," daktari akasema.

Nikataka mke wangu apigiwe simu saa ileile. Daktari akainua mkono. "Watu wazima wengi waliokulia kwenu wanazo. Huenda uliugua ukiwa mtoto, bila kujua. Tutachukua damu tena. Kingamwili zikiongezeka, ni ugonjwa wa sasa. Zisipoongezeka, ni za zamani."

Nikaukumbuka mfereji wa nyumbani, tulivyokuwa tukiinama na kunywa kwa viganja, chini ya mahali ng'ombe walipovuka.

Hazikuongezeka.

"Basi ni nini?"

"Si A wala B. Iko nyingine, lakini hatuna kipimo chake. Tunaiona zaidi kwa walioongezewa damu."

"Na sindano?"

"Inawezekana."

"Utamwambia mke wangu hivyo?"

"Nitamwambia kwamba inawezekana."

Alimwambia. Mke wangu akaja kwenye kioo, amefunga koti mpaka shingoni.

"Kumbe ugonjwa wenyewe hauna jina."

"Hauna."

"Ungekuwa na jina, ningejua nikuonee huruma au nifungashe."

Hakufungasha. Niliporudi Spånga nilikuta taulo langu peke yake kwenye msumari, na sahani yangu imepakwa tone la rangi ya kucha chini yake. Daktari hakuwa ameagiza nitengewe sahani.

Jumapili moja nilipika mimi, ugali na kabichi. Katikati ya mlo alinyoosha mkono, akamega kwenye sahani yangu, akatafuna huku akitazama nje.

"Mboga haina chumvi," akasema.

Nikainuka kuileta. Kesho yake jioni sahani ileile ilikuwa mbele ya kiti changu. Niliigeuza kidogo. Tone lilikuwepo.