Meno Mapya ya Mama

Kwa miaka mingi mama yangu alicheka akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Meno yake manne ya mbele yalikuwa yameondoka moja baada ya jingine, kwa sababu kila lilipouma, dawa aliyoijua ilikuwa kung'oa. Katika kwaya ya kanisa letu la Kilutheri kule Kishanda alihama mstari wa mbele, akawa anaimba nyuma ya wanaume warefu. Tulipomuuliza, alisema mwanga wa dirishani unamuumiza macho.

Siku moja alikuja kwangu mjini, Bilele, na mkungu wa ndizi, akamkuta binti yangu wa miaka saba ameshika shavu. Gego lilikuwa limetoboka.

"Hilo ni jino la utoto," mama akasema. "Liache, litang'oka lenyewe."

Hata hivyo, asubuhi tulikwenda wote watatu kwa daktari wa meno, yeye akiwa msindikizaji tu. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alichungulia kinywa cha mtoto akasema jino litazibwa. Mama akarudia hoja yake.

"Ni kweli waitu, litang'oka," daktari akamjibu kwa neno la heshima la kwetu, "ila bado miaka mitatu au minne. Gego hili linalitunzia nafasi lile la ukubwani. Likiondoka mapema, ya jirani yanasogea, na jipya linaota upande."

Alisafisha uozo, akajaza tundu. Binti yangu alikunja vidole vya miguu, basi. Aliposhuka kitini alisema, "Sasa zamu ya bibi."

Mama akacheka, na kanga ikapanda mdomoni. Daktari aliona. Akaomba atazame tu, bila kugusa. Nilidhani mama angekataa, lakini mjukuu alikuwa ameshaanza kumvua viatu.

Ndani kulikuwa na mizizi miwili iliyobaki, ugaga mwingi, na fizi zinazotoka damu. Kisha mama akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia: alipong'olewa jino la kwanza, ganzi ilikuwa haijashika, naye akanyamaza asije akaonekana mwoga.

"Mizizi hii lazima itoke, ila leo tutasubiri ganzi ishike," daktari akasema. "Na ukisikia maumivu, nyoosha mkono, nami nitaacha."

Binti yangu akaushika mkono wa bibi yake. "Huu nimeushika mimi. Nyoosha ule mwingine."

Mkono ule haukunyooshwa. Mizizi ilitoka, na wiki chache baadaye meno yaliyobaki yakasafishwa. Fizi zilipopona aliuma udongo laini wa kuchukulia vipimo. Siku alipovalishwa meno ya bandia alijitazama kiooni kwa muda mrefu, akasema polepole, "Huyu ninamfahamu."

Mwanzoni kila neno lenye "s" lilipiga mluzi. Mjukuu alimfundisha kuhesabu kwa sauti, na kila walipofika sita na saba walishindwa kuendelea kwa kucheka.

Jumapili niliyompeleka Kishanda, alisimama mstari wa mbele. Baba, aliyekaa kando yangu, aliacha kuimba ubeti mzima, akawa anamtazama tu. Nilimpa kitabu cha nyimbo, akakishika kichwa chini miguu juu.

Mchana, tukila ndizi na maharage, baba aliniuliza kana kwamba ni habari ya hali ya hewa, "Huyo daktari wenu, anatibu na wanaume?"

"Anatibu, tata. Kwani una nini?"

Ilibainika amekuwa akitafuna upande mmoja tangu msimu uliopita wa kupanda maharage, bila kumwambia mtu. Mama aliweka sahani chini, akamtazama, kisha akacheka kicheko kirefu, mikono yote miwili ikiwa magotini.

Kesho yake, kabla sijamaliza chai, baba alikuwa amekwisha kusimama barabarani na koti lake la kanisani.

"Nimepiga mswaki mara mbili," akaniambia. "Twende."