Alama Isiyotambulishwa

Dada yangu anafundisha hisabati, na ana mazoea yanayowakera wenzake. Kila mada mpya huianza kwa kutambulisha alama zake, kama mtu anavyotambulisha wageni sebuleni.

"Mimi hapa ni mwalimu," huwaambia wanafunzi. "Kwa kaka yangu naitwa shangazi, nyumbani naitwa mama. Mtu yuleyule, kazi tofauti. Na alama ndivyo zilivyo, msizizoee vibaya."

Mkuu wa idara, ambaye wanafunzi wamembatiza Silabasi, aliona huo ni upotevu wa muda. Akampokonya kidato cha tatu, akakifundisha mwenyewe mbiombio. Watoto wale walishajua kwenye aljebra kwamba hasi moja ndogo juu ya x ni moja gawanya kwa x. Walipofika kwenye fanksheni, yaani kanuni inayopewa namba ikatoa namba nyingine, na ambayo huandikwa f, Silabasi akaandika hasi moja ileile juu ya f, akatoa mfano mmoja, akafuta ubao.

Kwenye mtihani wa kuchagua watakaosoma sayansi, nusu ya darasa waliandika moja gawanya kwa f. Wangeandika nini kingine? Silabasi akawapa sifuri na kuwaita vichwa maji. Mmoja wao ni binti wa jirani yetu fundi cherehani, mtoto ambaye tangu utotoni anasema atakuwa mfamasia.

Dada alimvaa Silabasi mbele ya walimu wote.

"Uliwaambia kwamba hapa ina kazi nyingine?"

"Anayestahili sayansi anaelewa mwenyewe."

"Aelewe kwa kuota?"

Damu inanichemka hadi leo. Mtu mzima analipwa kueleza, haelezi, halafu anamtukana mtoto kwa kutojua!

Dada aling'ang'ania mpaka mtihani ukarudiwa. Binti wa fundi hakutokea, na nafasi zikajaa. Tulimkuta barazani kwao akishona vifungo, vitabu vya shule ameshavirudisha. Dada akaketi chini, akatoa chaki, akaandika sakafuni.

"Hii f inazidisha kwa mbili. Ukiipa tatu?"

"Sita."

"Sasa hii hasi moja juu ya f haigawanyi kitu. Inakurudisha ulikotoka. Ukiipa sita?"

"Tatu." Akaitazama sakafu, sindano mkononi. "Mwalimu, kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mwanangu."

"Na mimi nimeshamwambia baba kwamba sina akili."