Nukta za Sabuni

Vumbi la Jumatatu ndilo lililonifundisha wivu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, nimekata mkonge, nimebebea watu mizigo mlimani, nimeshinda wiki nzima stesheni ya Moshi kwa sababu tu nilitaka kujua kichwa cha treni kinageuzwaje, na sikumbuki kumwonea mtu kijicho. Nikichoka na mahali, naondoka. Lakini kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa juu ya mji nilikaa karibu miaka miwili, kwa ajili ya gari.

Lilikuwa gari la mbio la viti viwili, halina paa, la kijani, rimu za spoki, limelala chini kiasi kwamba kuku angeweza kuliruka. Kazi yangu ilikuwa kuliosha na kulipaka nta. Injini ilikuwa mikononi mwa fundi, kijana wa Njoro aliyenizidi miaka mitatu au minne, mtoto wa mjini, kofia yake ya kufuma haijawahi kuguswa na grisi. Kila Jumapili Mgiriki alipokwenda kulikimbiza, fundi ndiye aliyekaa kiti cha kushoto, ati asikilize mlio.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nikae kiti kile, injini inanguruma, tushuke mpaka mjini. Sikuthubutu kumwambia mtu.

Jumatatu nilisoma safari yao kwenye bodi la gari. Vumbi jekundu lilikuwa la kwetu mlimani. Tope jeusi lililokauka kama gome la mti lilikuwa la Mabogini. Majani yaliyooza yakinasa kwenye spoki, nilijua wamepita Rau, kando ya msitu. Nilichota maji kwenye mfongo, mfereji wa wazee wetu unaoshusha maji kutoka mlimani na kukatiza barabara chini ya shamba, kisha nikaanza kufuta raha ya mtu mwingine.

"Mangi wa matambara," fundi aliniambia asubuhi moja, akinipa uchifu wa dhihaka, "jana karibu na Rau tuliruka tuta. Magurudumu yote manne hewani."

"Muongo."

"Haya, liulize tope. Si huwa linakuambia kila kitu?"

Nililiuliza. Chini ya gari, mahali ambapo tope halifiki kwa mwendo wa kawaida, lilikuwepo. Siku ile sikula mchana.

Ndipo nikaanza mambo ya nukta. Mawe ya barabarani yalikuwa yakibandua rangi kwenye madigadi, vidoa vidogo ambavyo jicho lisilotafuta halivioni. Nilimega kipande cha sabuni, nikatia nukta nyeupe juu ya kila kidoa, nikaliacha gari juani. Mgiriki alitoka na kikombe chake, akasimama. Akalizunguka. Akalizunguka tena.

"Hizi nini?"

"Ni mahali lilipoumia, bwana. Nimeziweka ili nisipasahau."

Kahawa yake aliimwaga kwenye majani.

Fundi alipofika alicheka mpaka akashika mlango. "Umelipaka gari ndui." Kisha akaacha kucheka. "Unajua unachofanya, wewe?"

"Nalitunza."

"Gari hili halikutengenezwa litazamwe. Likikaa, mpira unakauka, mafuta yanakuwa kama uji. Kulikimbiza ndiko kulitunza."

"Kulikimbiza, na wewe ukiwa ndani."

"Na mimi nikiwa ndani," alisema bila aibu yoyote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Kila Jumatatu niliweka nukta. Nta nayo niliizidisha, nikalisugua kwa flana mpaka migomba ikaonekana ubavuni mwake. Mgiriki akaanza kuendesha polepole. Akaacha Mabogini, akaacha Rau. Baadaye akawa anashuka hadi kwenye mfongo na kurudi, kama mtu anayempeleka ng'ombe mgonjwa kunywa maji. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba mtu anayeendesha taratibu hahitaji fundi pembeni. Anahitaji mtu mwangalifu.

Kilichobaki kilikuwa kumtoa fundi kitini. Nilimwonyesha Mgiriki mkwaruzo kwenye ngozi ya kiti cha kushoto. "Bisibisi, bwana. Fundi huiweka mfuko wa nyuma."

Aliupitishia kidole. Nilisubiri aseme fundi asikae tena.

"Basi," alisema, "kiti hiki hakuna mtu kukaa. Hakuna."

Wiki iliyofuata alimwita mshonaji ashone shuka la merikani la kulifunika. Fundi aliliinua gari juu ya magogo ili matairi yasiharibike umbo. Mara moja kwa wiki aliliwasha palepale bandani, akiwa amekaa nyuma ya usukani, nami nimeshika ncha ya shuka. Tulisikiliza likinguruma bila kwenda popote.

"Umeridhika?" aliniuliza.

Nilimwambia ndiyo. Hata wakati ule yeye alikuwa amekaa na mimi nimesimama.

Mwisho wake lilipata mnunuzi wa Arusha, mtu aliyesema hajapata kuona gari lililotunzwa namna ile. Fundi alikabidhiwa alishushe mjini. Mgiriki angefuata na lori. Fundi aliwasha, akanitazama, akamgeukia Mgiriki.

"Bwana, huyu apande. Atalifuta vumbi tukifika."

Sikutegemea hilo kutoka kwake. Nilikwisha kushika mlango.

"Kiti," Mgiriki alisema, akinitazama kama mtu anayemkumbusha mwenzake sheria waliyoitunga pamoja. Akachukua mkebe wangu wa nta na kitambaa changu cha flana, akaviweka juu ya ngozi, akafunga mlango. Kitambaa changu kikapanda.

Nilishuka kwa miguu. Barabarani alama za matairi zilianza kwa adabu, zimenyooka, mpaka pale nyumba ya Mgiriki inapofichwa na migomba. Hapo zilichimba. Kwenye mfongo hapakuwa na dalili ya breki. Maji yalikuwa yameruka pande zote mbili hadi kwenye majani ya migomba. Hatua chache mbele yake, kwenye kona, matairi ya nyuma yalikuwa yamechora upinde mpana. Nikachuchumaa, nikaupima kwa shubiri.

Mama mmoja alikuwa kando na mzigo wake wa majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unalifuata lile gari? Huwezi kulipata. Limepita kama limetumwa."

"Aliyekuwa ndani umemwona?"

"Nimemwona. Alikuwa anacheka."

"Peke yake?"

"Alikuwa anacheka peke yake," alisema, akajitwisha mzigo.

Nilibaki kwenye kona ile nikitazama matone kwenye majani ya mgomba, mpaka yakakauka.