Klachi Iliyoungua Kwenye Njia ya Wapagazi

Usije ukaniambia nilikuwa nimelewa. Pombe siijui ladha yake, ndugu yangu, na haya hayakunitokea usiku. Yalinitokea saa saba mchana, jua la utosi, akili zangu zote ziko kichwani na mikono yangu imejaa oili hadi viwikoni. Hapa mtaani Cheyo nikianza kisa hiki wengine wanaaga mapema. Waache waage. Wewe kaa, maana huenda siku moja ukapita njia ile.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo. Nilikuwa fundi kwenye karakana moja mjini Tabora, naishi chumba kimoja, sina mke wala mtoto. Jioni nikirudi hakuna wa kuniuliza nimeshindaje. Nilichokuwa nacho ni pikipiki. Aliiacha mzungu mmoja wa mambo ya maji alipohamishwa, na kwao ilikuwa ya mashindano ya kupanda mawe na kupita matopeni bila kukanyaga chini. Watu wazima, eti wanashindana kutokukanyaga chini! Ilikuwa nyembamba, silinda moja, imekaa juujuu kama mbuzi, kuukuu kiasi kwamba mwenyewe alikuwa amekwisha kuitupa nyuma ya ghala. Niliifufua mimi.

Ugonjwa wake ulikuwa klachi. Sahani zake za ndani zilikuwa na matundu, na kila tundu limepachikwa kipande cha kizibo. Vipande hivyo ndivyo vinavyozishikanisha sahani, injini ikizunguka na gurudumu lizunguke. Vya zamani vilikwisha, na vipya havipatikani Tabora nzima. Nikaenda misheni, nikamwomba mpishi wa mapadri vizibo vya chupa za divai, nikavichonga kwa wembe kimoja kimoja. Cheka tu, lakini kazi ilikuwa safi. Ila vizibo vipya lazima uvilaze kwenye oili usiku kucha kabla ya kuvifunga, vinywe, vishibe. Ukivifunga vikavu vinaungua. Fundi yeyote anajua hilo, na mimi nililijua.

Asubuhi ile akaja mtu kutoka kijijini kwetu Ziba, akaniambia mama yangu yu taabani na ananiita mimi. Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Miaka mitatu nilikuwa sijatia mguu kwake. Kila anayekwenda huko nampa salamu, nasema mwambieni nitakuja mavuno, mwambieni nitakuja Krismasi. Basi nilivifunga vizibo vikavu vivyo hivyo, nikafunga kava, nikaondoka.

Hadi Isikizya mambo yalikuwa mazuri. Mbele kidogo nikaiacha barabara kubwa, nikashika njia ya zamani ya wapagazi inayokata porini, kwa kuwa inafupisha safari. Siku hizi haipitwi na watu. Ni miyombo huku na miyombo kule, katikati mchanga. Mchanga ule ndio ulioniweza. Klachi ikaanza kuteleza, injini inanguruma na gurudumu halitaki, kisha nikasikia harufu ya kizibo kinachoungua. Nikaongeza moto. Pikipiki ikasimama palepale, inalia bila kwenda.

Nikaangalia waya wa klachi kwanza, labda umekaza mno. Haukuwa na tatizo. Basi ni ndani. Nikaikinga oili kwenye sufuria yangu ya chai, nikafungua kava, nikafungua nati nne zinazobana springi, nikachomoa sahani moja moja na kuzipanga juu ya shati langu kwa mfuatano wake. Sahani mbili vizibo vyake vilikuwa mkaa mtupu. Zilizobaki zilikuwa nzima. Lakini ukipunguza sahani, springi zinalegea, hazibani tena. Nikatia senti kumi mbili mbili chini ya kila springi, zile senti zenye tundu katikati. Zilienea vizuri utadhani zilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa springi zikawa ngumu ajabu. Mkono mmoja haukutosha kuzikandamiza huku mwingine ukianzisha nati. Nilijaribu kwa goti, nilijaribu kwa kifua. Springi moja ikanirukia, nikaitafuta mchangani kwa kutambaa. Nilipoipata nikakaa chini, nikalia. Ndiyo, nililia, mwanamume mzima. Nilimwita mama yangu kwa sauti kubwa na hapakuwa na hata ndege wa kunijibu. Niamini, sijawahi kuwa peke yangu duniani kama saa ile.

"Pole, mwanangu," mtu akasema.

Alikuwa amekaa kando ya njia, hatua kama kumi kutoka nilipo, na mbele yake kuna mzigo mrefu uliofungwa kwa ngozi na kamba za magome. Sikumsikia akija. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Alikuwa mzee mkavu, bega lake la kulia limeota sugu nene. Nikamkaribisha maji akakataa, akasema maji yake wamebeba wenzake, wako mbele. Akaniuliza Kwihara, kule jirani na Tabora, bado siku ngapi. Nikamwambia siku tatu kwa mguu, na moyoni nikashangaa, nani siku hizi anabeba mzigo kwa mguu hadi Kwihara wakati malori yapo? Lakini sikuwa na nafasi ya kushangaa. Nikamwonyesha springi, nikamwomba anikandamizie.

Akaweka viganja, akakandamiza. Springi zikazama taratibu, bila yeye hata kukunja uso. Nati zote nne zikaingia. Hapo mkono wangu ukagusa wake. Ulikuwa wa baridi, baridi ya maji ya mtungi, katika jua lile la kuchemsha ubongo! Na alipoinua viganja nikaviona vikavu, havina hata tone la oili, wakati mimi nimelowa kama niliyechinja. Niliona. Nikajifanya sijaona. Wewe ungefanyaje, nawe mama yako anakata roho?

Hakutaka malipo. Aliniambia neno moja tu: "Ukimaliza, nitwike."

Lazima nikueleze jambo hili kama si mtu wa kwetu. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi, na mpagazi mzigo mzito anaweza kuutembeza kutwa nzima, ila kuuinua kutoka chini peke yake hawezi. Kwa hiyo ukimkuta mtu ameutua mzigo wake akakuambia nitwike, unamtwika. Hata kama mmegombana. Hata kama ndiye aliyekuibia ng'ombe. Anayepita bila kumtwika mwenzake, kwetu huyo si mtu. Nikamjibu, "Ndiyo baba, nitakutwika."

Nikarudisha oili, nikafunga kava, nikapiga kiki. Wapi! Nikapiga hadi mguu ukafa ganzi. Mzee akainuka bila kuambiwa, akaja nyuma, akasukuma. Nikaachia klachi, injini ikawaka, sahani zikashika, pikipiki ikaruka mbele. Nilifurahi nikapiga kelele.

Na hapo sasa. Sahani zimebaki chache, mchanga ni mwingi, na nikisimama, kuondoka tena huenda kukazimaliza kabisa. Jua limeshaanza kuinama. Nyuma yangu nikamsikia: "Fundi! Mbona waondoka? Nitwike!"

Nikageuza kichwa, nikajibu, "Nakuja sasa hivi, baba!"

Sikusimama.

Nilifika kwa mama jua likizama. Nilimkuta hai. Wanawake waliokuwa wakimuuguza wakanipisha, nikakaa kitandani, nikamshika mkono. Akaninusa akasema, "Unanuka gari," akacheka kidogo. Tuliongea, si sana, ila tuliongea. Aliniuliza nani ananipikia huko mjini, nikamdanganya kwamba nimepata mchumba. Akafurahi. Kabla ya jogoo wa kwanza akafariki mkono wake uko ndani ya wangu. Kama klachi ile isingefungwa, ningemkuta sandani. Nataka uelewe hivyo, kwamba yule mzee alinipa mama yangu kwa usiku mmoja, na sijawahi kupewa kitu kikubwa zaidi.

Tulipokwisha kuzika, mjomba wangu, kaka yake mama, akaniuliza wakati wa chakula nilipita wapi hata nikawahi vile. Nikamsimulia. Akaacha kula. Akasema wazee wao walikuwa wakimtaja mtu huyo: mpagazi wa pembe za ndovu aliyeumwa mguu njiani, akautua mzigo wake pale, asiweze kuuinua. Wenzake walikuwa na haraka. Wakamwambia watarudi kumtwika, wakaenda na kibuyu cha maji.

"Na wewe ulimwambiaje?" akaniuliza.

Nikamwambia. Mjomba akanawa mikono, akatoka nje, na hadi naondoka hakunisemesha tena.

Siku ya pili yake nilirudi kwa njia ileile. Mahali nilipajua kwa vile vizibo vilivyoungua nilivyovitupa. Kando ya njia mchanga ulikuwa umebonyea, alama ndefu, nene, ya kitu kizito kilicholala. Nyayo zilikuwa zangu tu. Nikaita, "Baba, nimerudi! Njoo nikutwike!" Nikaita hadi sauti ikakauka. Nikasubiri mpaka giza.

Tangu hapo nimekwenda mara nyingi sana. Mchumba niliyemdanganyia mama nilikuja kumpata kweli, naye akanikimbia, akasema hawezi kuishi na mwanamume anayeshinda porini akiongea na mchanga. Simlaumu. Nakaa pale saa saba mchana, bega tayari, mikono tayari, na haji mtu. Ningeogopa angetokea? Zamani, ndiyo. Sasa naogopa kwamba hatatokea.

Kwa wengine anatokea, hilo ndilo linaloniumiza. Dereva mmoja wa lori aliyepotea njia alikuja karakana akanisimulia, hanijui wala hajui kisa changu. Alimkuta mzee porini kakaa na mzigo mrefu. Akamwambia panda nikufikishe. Mzee akakataa, akasema hapana, namsubiri fundi, amesema anakuja sasa hivi.

Basi nakuonya. Ukipita njia ile mchana, ukamwona mtu kando ameutua mzigo, zima injini. Usiniambie una haraka, hata kama kwenu kuna mgonjwa, hata kama kuna maiti. Shuka umtwike. Na akikataa, akisema anamsubiri fundi, mwambie fundi huyo yupo Cheyo, amezeeka, na Jumamosi atakuwa pale. Mwombe anitokee.