Mguu Wangu Mlangoni mwa Kanisa

Kabla ya sukari, watu wa kwetu walivaa viatu kwenda kortini na kwenda kuoa, na kwingine kote walitumia ngozi waliyopewa na Mungu. Kisha kiwanda kikaja, miwa ikapandwa hadi kwenye ukuta wa jikoni, na mkulima akipata malipo yake ya kwanza ananunua viatu. Si jembe, si ndama. Viatu. Tena raizoni, vile vya soli nene kama tofali, ambavyo mtu mzima alivivaa akatembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Nimemwona kwa macho yangu mwanamume akipalilia mahindi na raizoni, soksi za nailoni zimevutwa hadi gotini, matope yamemfika kwenye kifundo, na bado anasalimia wapita njia kwa kidevu. Kuvua viatu mbele za watu kulikuwa sawa na kukiri kwamba miwa yenu bado iko shambani.

Nawacheka, lakini mjinga wao mkuu nilikuwa mimi. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafaulu kiasi cha kutosha kujivuna na si kiasi cha kutosha kuitwa popote. Basi nikabaki nyumbani, nusu ya njia kati ya mji wa Kakamega na Matete, na sitadanganya, nilipapenda. Wenzangu walihangaikia vyumba vya kupanga kule Shirere, mtaani mjini. Mimi nilikuwa mtu wa kiti, chai na redio. Baba alisema afadhali ningezaliwa jiwe la kusagia. Nalo halitoki nyumbani, lakini angalau linasaga.

Miwa ilikuwa ya baba, raizoni zilikuwa zangu. Nilizivaa asubuhi nikazivua wakati wa kulala. Mtu asiyevuka lango la kwao anavaa viatu vya nini kutwa nzima? Uliza mimi. Na kwetu mvua inanyeshanga kila alasiri kama imeajiriwa. Viatu vililowa, nami nikavikaushia miguuni.

Muwasho ulianza mguu wa kulia, kati ya kidole kidogo na jirani yake. Ngozi ikawa nyeupe na laini kama ugali uliomwagikiwa maji, kisha ikapasuka. Mwaka uliofuata unyayo wote ukakauka, ukatoa unga. Baadaye ukucha wa kidole gumba ukanenepa, ukageuka rangi ya sukari guru, ukawa unamegeka vilevile. Na harufu. Paka wetu, ambaye alikuwa akilala chini ya kiti changu, alihamia kwa baba.

Ungedhani mtu wa kidato cha nne, aliyechora amiba akaipaka rangi, angekwenda hospitali. Nilikwenda kwa kukhu, nyanya yangu. Kukhu aliutazama mguu kwa umbali wa heshima, akasema nimekanyaga kitu. Hakumaanisha mwiba. Alimaanisha kitu kilichofukiwa njiani na mwenye wivu wa miwa yetu. Tukachimba langoni siku nzima tukapata mfupa wa mbuzi, ambao mbwa wetu alikuwa akiutafuta tangu Krismasi. Mfupa ukachomwa, mimi nikaendelea kuwashwa. Hapo nikajigeuza daktari. Nilipaka mafuta ya taa. Nilipaka jivu la maganda ya miwa. Dereva wa trekta aliniapia kwamba maji ya betri yanaua kila kitu, na hakusema uongo. Yaliua ngozi yote isipokuwa sehemu iliyokuwa inawasha. Miaka minne nilifanya hivyo, raizoni nikizivaa juu ya dawa ili nisionekane nachechemea bila sababu.

Mchumba nilimpata nyumbani vilevile, kwa kuwa nisingempata kwingine. Alitoka Matete kuja kukaa na senje wake, shangazi, aliyekuwa jirani yetu, akaja kwetu kuazima ungo. Alinikuta nimekaa.

"Huyu anaumwa?" akamuuliza mama.

"Huyo ni mzima," mama akasema. "Amesoma."

Akacheka mpaka akasahau ungo. Alirudi kuuchukua kesho yake, na keshokutwa akaurudisha, na kwa mwendo huo wa ungo mambo yakafika kwa wazee.

Wazee hawakuwa na shida. Shida ilikuwa kanisa. Babake alikuwa mzee wa kanisa moja la mavazi meupe, watu wa ngoma na roho, ambao hawaingii hekaluni na viatu. Udongo wa mle ndani ni mtakatifu, wanaukanyaga kwa nyayo. Kijana anayetaka binti yao lazima kwanza aingie, asimame kati yao, aombewe. Haiwezi kuwa rahisi zaidi. Kwa mtu mwingine.

Jumapili ya kwanza nilituma habari kwamba ng'ombe anazaa. Ya pili nilikuwa na homa. Ya tatu nilijikaza, nikafika hadi mlangoni, nikaona viatu vimepangwa ukutani na watu wamesimama peku kwenye udongo uliosiribwa vizuri, nikawazia mguu wangu unavyofunguliwa mbele yao kama sufuria ya jana. Nikageuka nikarudi nyumbani bila kumsalimu mtu. Msichana mwenyewe sikuwa nimemwambia. Ningeanzia wapi? Alinipenda nikiwa na soksi.

Jibu lilikuja kwa mdomo wa senje, na senje hakulipunguza hata neno moja. Babake msichana alikuwa amesema hivi: "Kama udongo wa kanisa letu haufai miguu ya huyo msomi, basi na binti yangu hamfai. Nampa hadi Jumapili inayofuata Pasaka."

Zilibaki wiki tatu. Nililia kidogo, jambo ambalo nalisema kwa sababu walioshuhudia wengi wamekufa, kisha nikatoka nyumbani kwa hiari yangu, nikaenda mjini hospitalini.

Yule tuliyemwita daktari alikuwa ofisa wa kliniki, mtu mwembamba asiye na haraka. Aliniambia nivue. Nilipovua, alisogea akafungua dirisha, akarudi. Akaniuliza nimekuwa na hali hiyo tangu lini, nikasema miaka minne. Akaniuliza nimepaka nini, nikamtajia yote kwa utaratibu, hadi maji ya betri. Akasema mguu wangu umetengenezwa kuliko trekta. Kisha akakwangua ngozi kwa wembe butu, akakwangua na chini ya ukucha, akaweka unga ule kwenye kioo, akaudondoshea dawa, akaenda kuutazama kwa hadubini. Aliporudi alikuwa karibu na furaha.

"Ni fangasi," akasema. "Ukungu, kama ule wa mkate. Hakuna aliyekuroga. Umejiroga mwenyewe kwa soksi."

Alinipa marhamu ya kupaka asubuhi na jioni kwenye ngozi, na vidonge vikubwa vyeupe kwa ajili ya ukucha, vya kumeza pamoja na chakula chenye mafuta, njugu au parachichi, la sivyo vinapita tu tumboni kama wageni. Nikaushe kati ya vidole kila nikioga. Soksi za nailoni, hapana. Raizoni, zichomwe. Nikamwuliza kama wiki tatu zitatosha. Akasema ngozi itachukua mwezi na zaidi. Ukucha hauponi, unaota upya, na ule wa kidole gumba cha mguu hauna haraka na mtu, nihesabu mwaka. Na akaongeza, bila kujua alichokuwa akinifanyia, "Mpaka hapo usitembee peku mahali watu wengine wanatembea peku. Utawaachia."

Nilirudi nyumbani nikiwa na dawa na bila mke.

Raizoni nilizichoma nyuma ya zizi, zikatoa moshi ambao kukhu alisema ndio kile kitu kilichofukiwa kinatoka. Nikanunua akala, kandambili za tairi, msimu ambao hata wakata miwa walikuwa wamezikimbia. Majirani wakaja kumpa baba pole. Walidhani shamba letu limeungua.

Naweza kudai kwamba nilisema ukweli kwa sababu ya dhamira. Haikuwa hivyo. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuusugua mguu kwa jiwe, kukata ukucha, na kuingia nimeufunika kwa mwenzake. Kilichonizuia ni picha iliyonijia nikiwa kitini: kanisa zima, mavazi meupe, wanaruka kwa ngoma, na kila mmoja anajikuna. Naye msichana katikati yao, anajikuna kuliko wote. Na wakihesabu siku, watajua muwasho uliingia Jumapili gani.

Jumapili ile nilifika mapema. Babake msichana alikuwa amesimama mlangoni na joho lake, mikono nyuma.

"Umekuja," akasema. "Vua."

"Sitavua, baba."

Aliyekuwa na ngoma ndani akaiacha. Msichana alikuwa upande wa wanawake. Niliona kichwa chake kikiinuka.

"Si dharau," nikasema. "Mguu wangu ni mgonjwa, na unaambukiza. Nikikanyaga humo ndani nitawaachia nyote."

"Ugonjwa gani?"

"Fangasi."

Neno hilo hakuwa amelisikia, na nadhani alitarajia kubwa zaidi. Akaniamuru niweke mguu juu ya jiwe la mlangoni. Nikauweka. Akainama, mzee mzima na joho jeupe, akauchunguza kidole kwa kidole kama mtu anayenunua kuku.

"Hii?" akasema hatimaye. "Kwa ajili ya hii umetukimbia Jumapili tatu?"

Nikasema ndiyo.

"Na hao walikufundisha nini shuleni?"

Hakungoja jibu. Alitoa hukumu. Kwa kuwa mguu ndio unaozuia, harusi itangoja mguu. Nitakuja kila Jumapili, nitakaa nje ya mlango, na nitaingia siku ile atakayoona kwa macho yake kwamba hakuna ugonjwa. Nilijaribu kumweleza kwamba ngozi itapona mapema, kilichobaki ni ukucha, na ukucha ni mwaka. Akasema kama ni mwaka, ni mwaka.

Basi nikakaa mlangoni, kwenye kigoda, mguu wa kulia nimeunyoosha juani. Kanisa lilikuwa na mlango mmoja. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawapiti karibu karibu, sembuse kupitia juu ya mguu ulio wazi, na mama yule hakuwa mtu wa kuvunja desturi kwa ajili ya ukungu. Jumapili ya kwanza alisikiliza ibada akiwa chini ya dirisha. Kufikia ya pili, wanaume walikuwa wamekata mlango mwingine kwenye ukuta wa nyuma kwa panga. Hivyo ndivyo nilivyochangia ujenzi wa nyumba ya Mungu.

Binti alinisamehe kuhusu mguu. Kuhusu kuficha hakunisamehe, na alikusanya deni hilo kidogo kidogo. Ibada ikiisha angesimama hatua kumi, wenzake wote wakisikia, na kuniuliza kama nimekausha kati ya vidole. "Wenzangu wanachumbiwa na watu wa miwa," aliwaambia. "Mimi nachumbiwa na kucha."

Mwezi wa pili wa dawa ngozi ilitakata. Nilipaswa kuendelea kupaka wiki mbili zaidi, kama nilivyoambiwa. Badala yake nikaazima viatu vya baba kwenda matangani, nikakesha navyo siku mbili, na muwasho ukarudi mahali pake pa zamani kama mwenye nyumba. Yule ofisa aliponiona hakufungua dirisha safari hii. Alinipa marhamu nyingine na kuniambia kwamba dawa haijui mtu akiona aibu, inajua tu akiacha kuipaka. Baada ya hapo nilipaka. Nilikula njugu hadi nikazichukia. Na kwenye shina la ule ukucha wa sukari guru kukatokea mstari mwembamba wa waridi, ukawa unamsukuma mzee wake nje kwa mwendo wa konokono.

Kila Jumapili babake aliinama. "Kucha imefika wapi?" Akaupima kwa kidole chake, akatikisa kichwa, akaingia. Waumini nao wakazoea. Kuna waliokuwa wakiuliza habari za ukucha kabla ya habari za nyumbani kwangu.

Ilikuwa Jumapili ya mwaka mmoja na miezi miwili. Ofisa alikuwa amekwangua mara mbili, asione kitu kwenye kioo. Nikamwambia mzee. Akasema kioo hakiozeshi binti yake. Kwenye ncha kulikuwa kumebaki kipande cha njano, chembamba kama punje ya mchele, na alikuwa amekikazia macho hicho. Akamwita binti, akamtuma wembe. Binti akauleta mwenyewe, akauweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua zake kumi.

"Kata," mzee akasema.

Nikakata. Akaokota kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akakitupa mbali kwenye majani. Kisha akautazama mguu kwa muda mrefu kuliko siku zote, hadi watu wa ndani wakaanza wimbo bila yeye.

"Ingia," akasema. "Upande wa wanaume. Na upitie huku mbele, mlango wa nyuma ni wa mama mkwe wako."

Niliingia. Udongo ulikuwa baridi. Tarehe ya harusi aliitangaza kabla sijafika kwenye benchi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama miguu.