Sala ya Baba Isiyo na Amina

Harufu ya vumbi la mninga ikinipata mahali, machozi hunilenga, na watu hudhani ni vumbi limeingia jichoni. Nawaacha wadhani hivyo. Ndiyo harufu ya mashati ya baba yangu, seremala aliyetoka Upareni akafungua banda la kuchonga vitanda kando ya barabara pale Keko.

Miaka ile serikali ilipolegeza masharti ya biashara, kila kitu kilikuwa ruksa: mitumba, maduka, televisheni. Banda la baba tu ndilo lisilokuwa ruksa. Asubuhi moja lilikuja tingatinga, bila hata notisi, likayasaga mabanda yote ya upande wetu. Ndani ya la baba mlikuwa na mabenchi ya kanisa letu, yamebakia kupigwa msasa. Haukupita muda, tajiri mmoja akajenga godauni palepale. Majirani walitufariji kwamba Mungu si Athumani.

Jumamosi ya wiki ileile tuliyobomolewa, ibada ya jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu, na kwa desturi mwenye nyumba ndiye hufunga kwa sala. Watu waliketi mikekani, maana kwa seremala viti havikai, vinauzwa. Likasomwa lile neno kwamba wenye njaa na kiu ya haki watashibishwa. Njaa nilikuwa nayo, ndugu zangu, nikachungulia jikoni kuona tunashibishwa nini. Palikuwa na chai ya rangi.

Baba akasimama. "Bwana, wamenibomolea na benchi zako zikiwa mlemle. Uliona. Mie leo shukrani sina. Nangoja jibu." Akakaa.

Mzee wa kanisa akakohoa. "Baba Neema, tuseme basi Amina."

"Bado, mzee. Sala yangu haijaisha."

Mama aliinamisha uso kwa aibu. Mtaani wakasema Baba Neema kagombana na Mungu, nami nikaamini. Kila mvua iliponyesha niliogopa radi itatua kwetu.

Lakini hakukosa kanisani Jumapili hata moja. Wenzake wakiitikia Amina, yeye alifumba mdomo. Alifariki akichonga vigoda uani, bila kupewa hata kipande cha ardhi.

Makaburini, mchungaji alipomaliza sala, nilifungua kinywa niitikie. Mama, yuleyule aliyeona aibu, akanibana mkono.

"Bado, mwanangu. Ya baba yako haijajibiwa."

Nililia sana, kwa uchungu wa kumwelewa mtu akiwa keshafukiwa. Baba hakugombana na Mungu. Sisi ndio tuliokata tamaa, tukasema Amina upesi tukanywe chai. Yeye alikuwa anangoja, na mtu hangoji kama haamini kwamba anayemngoja atakuja.